Lee Sung-kyung: uanamitindo ulimsaidia kuigiza au ulimchelewesha?

Twiga Mdogo:

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa nasoma tu humu bila kuchangia, leo nimekuja na jambo linaloninyima raha.

Naigiza kwenye kikundi cha maigizo ya jukwaani, nafasi ndogo ndogo za kuingia na kutoka. Nimewazidi urefu karibu wavulana wote wa kikundi, na kila mwongozaji mpya akija hunipa ushauri ule ule: nenda kawe mwanamitindo kwanza, kuigiza kutakuja kwenyewe. Mfano wanaonipa siku zote ni wa Korea Kusini, na safari hii aliyetajwa ni Lee Sung-kyung. Naambiwa ana sentimita 175, alianzia kwenye mashindano ya wanamitindo mwaka 2008, kisha televisheni ikamchukua jumla.

Mimi nimemwona kwenye tamthilia ya Dr. Romantic 2 peke yake, na nilimpenda mno. Ila nikisoma habari zake nakuta kama watu wawili. Kuna wanaosema mwaka 2016 aliboronga kwa kuigiza kupita kiasi, na kuna wanaosema mwaka huo huo alicheza nafasi ambayo hakuna mwingine angeiweza. Mwaka mmoja huo huo! Wanaomfuatilia kwa karibu naomba mnifungue macho. Uanamitindo ulimsaidia au ulimchelewesha? Na zile lawama alizivuka vipi? Tafadhali msiniambie ni bahati. Nataka kujua alifanya nini.

Mzee wa Rimoti:

Binti yangu, nitakwambia ukweli kama ulivyo, maana wanaokushauri hivyo wanakuonyesha nyumba bila kukuonyesha ilivyojengwa.

Yale mashindano aliyoshiriki, Super Model Contest, ni ya kituo cha televisheni chenyewe, SBS. Yalianza mwaka 1992, na mshindi wa kwanza alikuwa Lee So-ra. Kituo kinachorusha tamthilia ndicho kinachokusanya wasichana warefu wenye sura za kamera. Sasa unadhani wakishapatikana wanapelekwa wapi? Han Ye-seul alishinda mwaka 2001, baadaye tukamwona kwenye tamthilia. Han Ji-hye naye alipitia hapo hapo mwaka huo huo. Njia ilikuwa imeshafyekwa muda mrefu kabla Lee Sung-kyung hajafika.

Halafu mwaka 2014 kampuni ya YG, wale wenye wanamuziki wakubwa, ikaungana na wakala wa wanamitindo KPlus, ikazaliwa YG KPlus. Lee Sung-kyung alikuwa humo. Nam Joo-hyuk, mwanamitindo mwenzake, alikuwa humo. Mwaka huo huo msichana anapata nafasi kwenye tamthilia ya SBS iliyoandikwa na Noh Hee-kyung, mwandishi ambaye waigizaji wazima wanamwomba Mungu wapate hata mistari miwili yake.

Simchukii dada wa watu. Ila wapo vijana Seoul waliosoma maigizo chuoni miaka minne, wakasugua jukwaa za kumbi ndogo za Daehangno, mtaa wa maigizo, na bado wanasubiri kuitwa kwenye usaili. Ukiambiwa "uigizaji utakuja wenyewe", uliza: unakuja kwa nani, na nani anaulipia? Kama hapo ulipo hakuna kituo kinachofanya kazi ya namna ile, baki na kikundi chako.

Mtia Sauti:

Twiga Mdogo, shikamoo yangu impitie kwanza Mzee wa Rimoti, maana aliyosema kuhusu mlango ni kweli tupu. Mlango ulikuwa wazi. Mimi nataka kuzungumzia aliyoyafanya baada ya kuingia, kwa sababu kuingia na kukaa ni kazi mbili.

Kazi yangu ni kutia sauti tamthilia za kigeni. Nakaa na hedifoni masikioni, kipande kile kile kinarudiwa mpaka pumzi yangu iingie pale pale ilipoingia pumzi ya mwigizaji. Kwa kazi hii unamjua mtu kwa namna nyingine. Uzuri wake unakuisha machoni baada ya nusu saa. Kinachobaki ni wapi anavuta hewa, wapi anaimeza, wapi mdomo unawahi kabla ya fikra. Tamthilia za Lee Sung-kyung nimezitazama kwa sikio hilo, na ninapowafundisha wenzangu wapya huwa natumia vipande vyake, vibaya na vizuri.

Anza na 2014, It's Okay, That's Love. Alicheza Oh So-nyeo, mwanafunzi mtukutu, nafasi ndogo. Angalia waliomzunguka: Jo In-sung aliwahi kuwa mwanamitindo, Gong Hyo-jin aliwahi kuwa mwanamitindo tangu usichana wake, na Lee Kwang-soo, ambaye matukio mengi ya So-nyeo ni pamoja naye, alianzia huko huko. Kwa hiyo mgeni wetu aliingia kwenye nyumba ya watu waliokwisha kuvuka mto ule ule. Hakuonekana mrefu kupita kiasi kwa sababu Lee Kwang-soo ana karibu sentimita 190. Hilo ni jambo dogo ambalo watu hawalizungumzii. Mwanamke mrefu kwenye televisheni anapunguziwa nafasi na urefu wa mwanamume aliye mbele yake, kamera inabidi isogezwe, mtu apandishwe kwenye kibao. Pale hakukuhitajika kibao.

Mwaka 2015 akapewa kazi nzito kuliko umri wake kazini, Flower of the Queen ya kituo cha MBC. Sehemu 50, Jumamosi na Jumapili, tangu Machi hadi mwisho wa Agosti. Alikuwa binti aliyetelekezwa na mama yake, na mama alikuwa Kim Sung-ryung, ambaye yeye mwenyewe ni mshindi wa Miss Korea wa mwaka 1988 na ameigiza miaka mingi. Tamthilia za wikendi za Korea hazina sifa kwa vijana. Zinatazamwa na wazazi, watu wanalia, wanagundua undugu uliofichwa, wanalia tena. Lakini kwa mtu anayejifunza ni shule isiyo na likizo. Unapewa kilio leo na kesho unapewa kingine, huwezi kutoa kile kile. Ukiniuliza, mwanamitindo ndani yake alianza kufa mwaka huo, japo bado hatukumwona akifa.

Kisha ikaja Januari 2016 na Cheese in the Trap ya kituo cha tvN. Hapa ndipo lawama zilipoanzia. Alikuwa Baek In-ha, dada mrembo, mkorofi, mpenda vya bure, aliyetolewa kwenye katuni ya mtandaoni iliyokuwa na wasomaji wengi sana Korea. Wasomaji wa katuni walikuwa wameshamjua In-ha wao, na wakamkataa huyu. Wakasema anapiga kelele, anatoa macho, kila kitu kwake ni kikubwa.

Nimesikiliza sana kipande kimoja cha In-ha akimfokea mdogo wake wa kiume. Twiga Mdogo, kwa sikio langu shida iko hapa. Anaanza sentensi akiwa ameshafika juu kabisa. Sauti iko kileleni, mikono iko kileleni, macho yako kileleni, na sentensi ina safari ndefu bado. Kwa hiyo haina pa kwenda. Mtu aliyezoea kupigwa picha amefundishwa kukusanya kila kitu kwenye dakika moja, maana picha haina kabla wala baada. Mhariri wa jarida hatakuuliza hasira yako imetoka wapi. Mtazamaji wa tamthilia anakuuliza, tena anakuuliza kila wiki. Na kibaya zaidi, sehemu kubwa ya tamthilia ile ilikuwa imesharekodiwa kabla ya kurushwa, tofauti na zile za siku hizo ambazo zilirekodiwa wiki ile ile ya kuonyeshwa. Watu wanalalamika Februari, yeye hana kipande kipya cha kusahihisha.

Juni mwaka huo huo akawa kwenye Doctors ya SBS, na Park Shin-hye na Kim Rae-won. Daktari mwenye wivu, mtoto wa familia yenye uwezo. Kwa mara nyingine ni mrembo anayemtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Sauti imeshuka kidogo, kilio kimetulia. Watazamaji walikuwa wengi na lawama zikapungua. Ila angalia mtego uliokuwa unafungwa: mrefu, mzuri, tajiri, mbaya. Hilo ndilo uanamitindo unakupa bila kukuuliza. Mtu wa kupanga waigizaji anakuona mlangoni na ameshajua utacheza nani.

Sasa Novemba. Weightlifting Fairy Kim Bok-joo.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Bok-joo ni mwanafunzi wa chuo cha michezo, mnyanyua vyuma, binti wa mwenye duka la kuku wa kukaanga. Wazo la mhusika lilichochewa na Jang Mi-ran, yule bingwa aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Beijing mwaka 2008. Mwaka ambao Jang Mi-ran anabeba chuma Beijing, Lee Sung-kyung alikuwa anapita mbele ya majaji wa mashindano ya wanamitindo. Miaka minane baadaye anaambiwa awe mnyanyua vyuma. Watu walicheka. Wakasema mwili ule utanyanyua nini.

Alikata nywele. Akaongeza uzito. Akaenda mazoezini kujifunza mikao ya kunyanyua. Hayo magazeti yote yaliandika, na mwigizaji yeyote mwenye bidii anaweza kuyafanya. Mimi ninachokiona ni miguu. Mtazame Bok-joo akitembea kuelekea bwenini. Mwanamitindo anatembea kwenye mstari mmoja, nyonga inaongoza, kichwa kimetulia. Bok-joo anatembea na mabega. Mguu unatua wote kwa mpigo, mikono imetanuka kidogo pembeni kama mtu ambaye mbavu zake zimejaa misuli. Akikaa, anakaa kwa kujitupa. Akila, bega linashuka kukutana na bakuli. Mtu ambaye hajawahi kulipwa kwa ajili ya mwendo wake hawezi kuubadilisha hivyo kutoka sehemu ya kwanza hadi ya kumi na sita bila kusahau hata siku moja. Yeye alijua kila kiungo kiko wapi, kwa hiyo alijua cha kuharibu ni kipi.

Na pumzi. Mnyanyua vyuma kabla ya kuinua anajaza tumbo hewa, anaifunga, ndipo anavuta. Ukimtilia sauti mtu anayefanya hivyo huwezi kudanganya kwa koo, utasikika. Bok-joo anaifunga hewa chini kabisa, na ule mguno unatoka tumboni. Halafu sikiliza anavyozungumza na marafiki zake wawili, sauti inatoka hapo hapo tumboni. Mwaka ule ule, Januari, In-ha alikuwa anazungumzia puani na kooni. Huyu ni mtu mmoja!

Kuna kisa cha daktari. Bok-joo anampenda daktari wa kliniki ya kupunguza uzito, anaenda kule kwa siri, tena anamdanganya kwamba yeye hupiga selo. Uongo unaanguka kwenye mashindano, daktari yuko kwenye viti vya watazamaji, yeye yuko jukwaani na chuma. Waandishi wabovu wangempa kilio pale pale. Tazama uso wake. Hakuna kilio. Ni mtu anayetaka ardhi ipasuke, na bado mikono imeshika chuma kwa sababu mwalimu na wenzake wanamtegemea. Aibu iko machoni, kazi iko mikononi, vyote kwa wakati mmoja. Hapo nilisimamisha, nikarudisha, nikatazama tena. Huyu ndiye waliyesema hajui kushusha.

Mzee wa Rimoti atapenda hili: tamthilia ile haikupata watazamaji wengi Korea ilipokuwa inarushwa. Ilianza Jumatano, tarehe 16 Novemba 2016, MBC. Usiku huo huo, saa hiyo hiyo, SBS walikuwa wanaanza The Legend of the Blue Sea, yenye Lee Min-ho na Jun Ji-hyun. Na Jun Ji-hyun alianzia wapi? Kwenye kurasa za jarida, mwaka 1997, akiwa msichana wa shule. Kwa hiyo kila Jumatano na Alhamisi Wakorea walikuwa wanachagua kati ya wanamitindo wawili wa zamani: mmoja nguva anayeng'aa aliyetoka baharini, mwingine amevaa suti ya mazoezi na chaki mikononi. Wengi walimchagua nguva. Bok-joo akabaki na asilimia ndogo za watazamaji, na mpaka leo watu wa nchi nyingi wanaendelea kuitazama mtandaoni.

Hiyo Dr. Romantic 2 uliyoiona ni ya 2020, na hapo ndipo Korea yenyewe ilipomkubali, sehemu ya mwisho ilipita asilimia 27. Daktari Cha Eun-jae anajua kila kitu darasani lakini akiingia chumba cha upasuaji kichefuchefu kinampata. Mbele yake yuko Han Suk-kyu, mtu anayeweza kukumaliza kwa kunong'ona. Utaona alivyojifunza kutoshindana naye kwa sauti. Amerudi tena kwenye msimu wa tatu mwaka 2023.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako: ulimpa mlango na ulimpa mwili anaoujua. Ukamnyima sauti, na ukamfungia kwenye aina moja ya wanawake. Sauti aliitafuta mwenyewe, hadharani, huku akitukanwa.

Jirani wa Juu:

Mtia Sauti umeandika vizuri, dada, lakini naona umemsahau mtu anayevunja hoja yako. Jung Ho-yeon. Huyo hakupitia sehemu 50 za wikendi wala lawama za mwaka mzima. Mwaka 2013 alikuwa kwenye Korea's Next Top Model, hakushinda, alikuwa wa pili pamoja na mwenzake. Akaenda New York, mwaka 2016 akapita kwenye maonyesho ya Louis Vuitton, nywele nyekundu kama moto, kila mtu akamjua. Kisha tamthilia ya Squid Game, Septemba 2021, kazi yake ya kwanza kabisa ya kuigiza. Februari 2022 anachukua tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani, SAG, mbele ya Jennifer Aniston, Reese Witherspoon, Elisabeth Moss na Sarah Snook. Kazi ya kwanza! Wakati mwingine uigizaji unakuja wenyewe kweli.

Mtia Sauti:

Jirani, sijamsahau, nilimwacha kwa sababu kazi yake ya televisheni bado ni fupi kwa swali lililoulizwa. Lakini umemleta, basi tuzungumze, maana hapa nina neno.

Ni kweli ilikuwa kazi ya kwanza. Sio kweli kwamba ilikuja yenyewe. Aliombwa video ya usaili akiwa New York kwenye wiki ya mitindo. Mwenyewe ameeleza kwenye mahojiano kwamba aliyaacha mengine yote akakaa na ule mswada, na baada ya hapo mwongozaji Hwang Dong-hyuk akataka kumwona ana kwa ana Seoul. Alipopewa nafasi ya Kang Sae-byeok, mkimbizi kutoka Korea Kaskazini, alitazama filamu za maisha ya wakimbizi wa huko, akajifunza lafudhi ya Hamgyong, eneo la Korea Kaskazini, kwa watu wanaoizungumza, akajifunza kupigana, na akawa anaandika shajara kila siku kama Sae-byeok mwenyewe. Hiyo shajara ndiyo inayonigusa. Mwanamitindo hapewi historia ya nguo. Akaamua kuitengeneza.

Tena angalia aina ya mhusika. Sae-byeok hasemi sana. Anaficha. Anaficha pesa, anaficha kisu, na mwishoni anaficha kipande cha kioo kilichomchoma tumboni, anakaa mezani na chakula mbele yake kana kwamba hana kitu. Kwa mtu aliyefundishwa kuuzuia uso wake usiseme chochote mbele ya kamera mia, nafasi hiyo ilimkuta nusu ya njia. Angepewa In-ha mwaka ule, sijui tungezungumza nini leo. Na kwenye ile sehemu ya mchezo wa gololi asingeng'aa vile bila Lee You-mi aliyeketi naye ngazini, ambaye si mwanamitindo, ameigiza tangu ujana wake katika nafasi ambazo hakuna aliyezikumbuka, na sehemu hiyo moja ikampa tuzo ya Emmy ya mwigizaji mgeni. Ukiwatazama wawili wale utapata pande zote mbili za hoja yetu kwenye fremu moja.

Baada ya hapo Jung Ho-yeon alisubiriwa na dunia nzima, akaonekana kwenye Disclaimer ya Alfonso Cuarón mwaka 2024, nafasi ndogo, msaidizi wa Cate Blanchett. Wapo waliosikitika. Mimi nilifurahi. Mtu mwenye tuzo ile anakubali kusimama pembeni ya Blanchett asikilize, huyo anajua anachohitaji.

Mzee wa Rimoti:

Marahaba, Mtia Sauti. Kuhusu Lee You-mi umenigusa penyewe. Niongeze mmoja tu: Bae Doona. Aliokotwa mtaani Seoul mwaka 1998 akawa mwanamitindo wa katalogi, mwaka uliofuata yuko kwenye tamthilia ya School ya KBS. Watu wanaishia hapo. Hawasemi kwamba mama yake, Kim Hwa-young, ni mwigizaji wa jukwaani. Yule mtoto alikua akiona mazoezi ya mchezo kabla hajaona kamera ya mitindo. Mkitazama Stranger ya 2017 mtaelewa, yule polisi wake hana mbwembwe hata moja.

Twiga Mdogo:

Jamani nawashukuru sana. Mzee wangu, ulichosema kuhusu mlango kimenituliza, sitaacha kikundi. Mtia Sauti, umeniacha natazama miguu yangu! Mimi kwenye jukwaa huwa najikunja ili nisiwafunike wenzangu. Mwongozaji huniambia nijinyooshe, nikijinyoosha ananiambia nimekuwa mkavu.

Sasa naomba mwongozo. Nina muda wa jioni tu. Nianze na ipi, na nitazame nini hasa? Na je, baada ya 2020 kuna kitu cha kutazama, au kilele kilikuwa Bok-joo?

Mtia Sauti:

Mdogo wangu, kujikunja acha kuanzia kesho. Mtu mrefu akijikunja pumzi inabanwa mbavuni, na ndipo sauti inapokauka. Mwongozaji wako anaona ukavu, chanzo chake ni hewa.

Usifuate mpangilio wa miaka. Anza na Kim Bok-joo, sehemu ya kwanza na ya pili, na uzime sauti kwa dakika chache za mwanzo. Mtazame anavyoingia vyumbani. Nam Joo-hyuk, mwogeleaji wa kwenye tamthilia, naye alikuwa mwanamitindo, na utaona wawili hawa wanavyofukuzana uwanjani bila kuogopa kuonekana wabaya. Hiyo ndiyo raha ya kutazama watu wanaojua miili yao wakiamua kuiachia. Kisha rudisha sauti na uendelee hadi daktari aone mashindano.

Ukifika hapo, toka, nenda Cheese in the Trap, chagua sehemu yoyote ambayo In-ha anagombana na mdogo wake wa kiume. Usitazame ili umcheke. Sikiliza sentensi zinaanzia wapi, uzijaribu mwenyewe kwa sauti kuanzia chini, uone kama zingeweza kwenda. Zoezi hili nimelifanya na wenzangu wa kazini na kila mmoja ameliona tatizo kwenye koo lake mwenyewe kabla ya kuliona kwa Lee Sung-kyung.

Na kuhusu kilele, hapana, bado. Kwangu mimi kazi yake bora ni ya 2023, Call It Love, sehemu 16. Anaitwa Woo-joo. Baba aliwaacha kwa ajili ya mwanamke mwingine, mwanamke huyo akawatoa hata kwenye nyumba, na Woo-joo anaingia kazini kwa mtoto wa mwanamke huyo akiwa na nia ya kulipiza kisasi. Mtoto mwenyewe ni Kim Young-kwang, mwanamitindo mwingine wa zamani, amemzidi urefu kwa mbali. Wamekaa watu wawili warefu, wanazungumza taratibu, hakuna anayepandisha sauti, na muda mrefu hakuna anayemgusa mwenzake. Tazama sehemu ya nne au ya tano ukiwa na hedifoni. Woo-joo anavuta pumzi ya kusema, anaiacha itoke bila neno. Anafanya hivyo mara nyingi, na kila mara utajua ni neno gani amelimeza.

Haikuvuma kama Dr. Romantic, watu walisema inaenda polepole. Kwa mtu anayejifunza, polepole ndiyo faida. Na mwaka 2025 alicheza The Nice Guy ya JTBC na Lee Dong-wook, humo ni mwanamke anayetaka kuwa mwimbaji. Hiyo itazame mwisho.

Ukimaliza kisa cha daktari rudi humu uniambie mikono yake ilikuwa inafanya nini alipomwona. Usiniambie kuhusu uso.

Twiga Mdogo:

Naanza leo usiku. Kesho tuna mazoezi, nitaenda nimenyooka.